Mbwa Niliyemfundisha Kunyamaza

"Mfungie," kaka yangu aliniambia. "Mtu wa hivyo anafungiwa. Hakuna namna nyingine."

Alikuwa amekuja Butiama na kufuli jipya, bado limo kwenye nailoni ya dukani. Alitoka Nyegina, anakofundisha sekondari, na alitaka kuwahi vipindi vya mchana. Siku mbili kabla ya hapo baba yetu alikutwa kando ya barabara ya kwenda Bunda, amevaa kiatu kimoja, kamba ya katani imezungushwa begani kama mtu anayekwenda kazini. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza tulisema ni uzee. Mara ya pili wachunga ng'ombe walimkuta amekaa juu ya jabali, midomo imekauka, hajui ametoka wapi. Mara ya tatu ndiyo iliyomleta kaka na kufuli.

Baba alikuwa mfuga nyuki. Tangu mimi sijazaliwa alikuwa anatundika mizinga kwenye vilima vya nyuma ya Mwitongo, hapo hapo Butiama, na asali yake ilijulikana hadi Musoma mjini. Ugonjwa wa kusahau ulipomwanza, ulichukua kwanza mambo ya karibu: kifo cha mama, bati tulilobadilisha juu ya nyumba, mimi. Mizinga uliiacha. Kila asubuhi aliamka ana mizinga ya kukagua, ingawa hakuna hata mmoja uliobaki kule juu, na miti mingi aliyoitundikia ilishageuka mkaa. Daktari wa Musoma alituambia kwa upole kwamba huu ni ugonjwa wa kwenda mbele tu, haurudi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na kibanda changu Nyakato, mjini, na chumba cha kupanga nyuma yake. Mama alipofariki ukoo ulikaa, wakazungumza sana juu ya nani atakaa na mzee, na wakati wote walikuwa wananitazama mimi, mwanamke asiye na mume. Nikapakia cherehani kwenye gari la mchanga nikarudi nyumbani.

Kufuli nililijaribu siku moja tu. Niliufunga mlango wa nje saa moja asubuhi nikakaa kwenye cherehani ndani, yeye akiwa chumba cha mbele. Hakupiga kelele. Alianza kuupapasa mlango, taratibu, akitafuta mahali unapofungukia. Baadaye akaanza kukwaruza. Nilikanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie. Nilipokwenda kumpa uji nikakuta ncha za vidole vyake zina damu na amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, analia bila sauti kama mtoto aliyechoka kulia. Nikafungua. Akainuka, akachukua kamba yake, akaondoka bila kunitazama. Nilimfuata hadi saa tisa, na kazi ya watu ikalala.

Habari ya mbwa niliipata kwa mwanakwaya mmoja aliyekuja kupima sare. Alisema kwao Bunda, vijiji vinavyopakana na hifadhi, kuna mama mjane ambaye mbwa wake wanatokaga na mbuzi asubuhi na kurudi nao jioni, na hawapotezi hata mmoja.

"Baba yangu siyo mbuzi," nilimwambia.

"Najua, dada. Lakini anatoka na anatakiwa arudi. Au siyo?"

Nilimwomba shangazi akae na baba siku tatu, nikaenda.

Mama yule alikuwa mfupi, mwenye sauti kavu, na hakuniuliza habari za njiani. Aliniuliza habari za mzee.

"Anatembeaga umbali gani?"

"Kutoka asubuhi hadi saa tisa hivi."

"Anapigaga?"

"Akiogopa, anapiga."

Alikuwa na mbwa wadogo wanne waliokwisha kuacha kunyonya zamani, wana miezi saba au minane. Wawili walitujia mbio wakirukaruka. Mmoja alijificha nyuma ya ghala. Wa nne alikaa pale pale alipokuwa, akatuangalia, na baada ya muda akaja kwa hatua zake mwenyewe na kuninusa viatu. Alikuwa na rangi ya vumbi, na sikio moja limechanika.

"Chukua huyo," mama akasema. "Wale wa mbio watapigwa siku ya kwanza, watamchukia mzee. Yule mwoga atakimbia. Huyu anafikiriaga kwanza."

Nililala kwake siku mbili, akanifundisha. Alinionyesha vigingi vyeupe vya mpaka wa hifadhi, na jinsi mbwa wake walivyosimama kabla ya kuvifikia, bila kuambiwa. Mbwa akivuka pale, alisema, hana wa kumtetea. Alinifundisha kumkataza mbwa kula mzoga, kwa sababu kuna watu wanatega sumu ya fisi. Alinionyesha kupe wanakojificha, nyuma ya masikio na katikati ya vidole. Kisha akamfunga yule mbwa wangu mguu wa nyuma kwa kamba laini kwenye kigingi, akakaa pembeni anachambua mchicha. Mbwa alivuta, akalia, akavuta tena. Mama hakumtazama. Alipochoka akalala chini kimya, ndipo mama akainuka, akamfungua, akampa kipande cha furu mkavu, samaki mdogo wa ziwani.

"Porini kuna mitego ya waya," alisema. "Anayevuta anajikata mwenyewe. Rudia kila siku, mpaka akikamatwa na kitu chochote alale na kungoja."

Niliyashika yote hayo. Sijawahi kuwa mwanafunzi mzuri namna ile.

Nyumbani niliweka dagaa kwenye mfuko wa aproni na kuanza. Njoo, dagaa. Kaa, dagaa. Nilimpitisha katikati ya kuku wa jirani, halafu mbuzi, halafu chini ya majabali wanakoota jua pimbi, ambao kwa mbwa ni mtihani mkubwa kuliko mbuzi wote wa dunia. Mara ya kwanza alinivuta nikaanguka na goti likachubuka. Baada ya mwezi alipita chini yao akitetemeka mwili mzima, lakini akapita. Bwana mifugo alikuja kumchanja kichaa cha mbwa na kunipa dawa ya kupe. Nilimshonea mbwa mkanda wa kifuani kwa turubai na kitambaa chekundu, uonekane kwa mbali, na ndani yake nikashonea karatasi iliyofungwa nailoni: Mzee huyu ana ugonjwa wa kusahau, tafadhali piga namba hii. Karatasi za mfukoni baba alikuwa anazichana. Wateja walianza kulalamika kwamba nguo zao zinanuka dagaa. Nilizifua upya na kuwaomba radhi.

Kazi ngumu ilikuwa baba mwenyewe. Siku ya kwanza alimrushia kigoda. Nikachukua shati lake kuukuu, nikalitandika kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikamlaza mbwa juu yake kila siku baba anapoota jua, mbali kidogo, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Halafu nikamwambia baba kwamba yule ni mbwa wa jirani aliyesafiri, na hajala. Baba alikuwa hawezi kuvumilia kuona kitu chenye njaa. Alikata tonge la ugali wa muhogo, akalichovya mchuzi, akampa kwa mkono wake. Kesho yake alikuwa amesahau. Nikamwambia tena. Nilimwambia hivyo kwa siku arobaini au zaidi, na kila siku alimhurumia upya.

Wakaanza kutoka pamoja. Mwanzoni nilikuwa nyuma yao, nimeshika kamba ndefu. Baadaye niliiachia kamba, nikawa nafuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya miti kama mtu mwenye nia mbaya.

Tatizo likawa sauti. Mbwa alikuwa anabweka kila akiona kitu kipya: tumbili, mtu, kobe. Na baba, tangu ujana wake, hakuruhusu kelele karibu na mizinga. Kule juu, kwenye mizinga ambayo haikuwepo, mbwa akibweka alimpiga kwa fimbo. "Unawafukuza!" alimfokea kwa Kizanaki, maana Kiswahili kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo. Nilikuwa nimemfungia mbwa pia kengele ndogo shingoni, ili nikiwapoteza niisikie. Baba aliivua akaitupa. Nikaitafuta kwenye nyasi nikaifunga tena. Mara ya pili aliikata kwa kisu, akamchana mbwa ngozi ya shingo.

Halafu siku moja, nikiwa nimerudi nyumbani kumpokea mteja, mbwa aliingia uani peke yake saa sita mchana, anachechemea, ubavu umevimba. Nilikimbia kilimani. Baba nilimkuta salama, amekaa, amechoka. Lakini usiku ule niliona wazi kwamba mbwa anayebweka atapigwa, na mbwa anayepigwa ataondoka, na akiondoka nitabaki na mlango na komeo.

Nikachagua. Kengele niliiweka kwenye droo ya cherehani. Na mbwa nikamfundisha kunyamaza. Kila alipofungua mdomo nilimshika pua kwa mkono, bila kumuumiza, nikasema "Nyamaza," na alipotulia nikampa dagaa. Nilimwomba jirani apite na ndoo, na baiskeli, na mwavuli. Nyamaza, dagaa. Baada ya wiki tatu hivi alikuwa anaangalia vitu tu. Nilimfundisha pia neno la mwisho, "Kaa naye." Nilimpa chakula cha jioni pale tu alipoingia uani pamoja na baba; akiingia peke yake, sahani tupu. Alilielewa hilo kuliko yote.

Kaka alikuja Jumapili moja, akawaona wakishuka kilimani, mzee mbele, mbwa hatua tatu nyuma, kimya.

"Sikuamini," alisema.

"Hata mimi sikuamini," nikamjibu. Nilijivuna. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilijivuna sana.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Nilikuwa nawafuata siku nyingine, siku nyingine siwafuati. Siku za kuwafuata nilisikia baba anavyozungumza na mbwa. Mbwa hakuwa na jina. Baba alimwita kila siku kwa jina la mtu mwingine, na wengi nilikuja kugundua ni watu waliokufa: rafiki zake wa ujana, mdogo wake aliyezama ziwani, mwalimu wake wa katekisimu. Alimweleza habari za malkia wa nyuki na mahali pa kuweka nta ili kundi lije lenyewe. Alicheka. Nyumbani hakuwa anacheka. Nyumbani mimi nilikuwa "mama mshonaji," mgeni aliyekuja na mashine yenye kelele, na mara mbili aliniuliza kwa heshima nitaondoka lini. Nilikuwa nakaa nyuma ya jiwe nasikiliza, na siwezi kusema sikumwonea mbwa wivu.

Ilikuwa wiki ya kipaimara. Nilikuwa na magauni meupe ya wasichana, mengi kuliko nilivyopaswa kuyapokea, na yote yalitakiwa Jumapili. Siku nne mfululizo sikuwafuata. Siku nne walirudi. Siku ya tano, Ijumaa, mvua ilianza saa nane mchana, mvua nzito inayosukumwa na upepo upande mmoja, na niliposimamisha mashine kutazama nje nikajiambia watakuwa wamejibanza chini ya jabali. Nikamalizia kola. Saa kumi hawakuwa wamefika. Nikatoka.

Majirani walikuja bila kubembelezwa, watu kama kumi na wawili, wamejifunika nailoni na magunia. Tuligawana vilima. Waliita, "Mzee! Mzee ee!" Mimi nilimwita mbwa. Niliita "Njoo!" hadi koo likapasuka, nikijua kwamba kwa neno lile angetoka hata kinywani mwa fisi. Hakuja. Ndipo nikajua kwamba yuko na baba, na kwamba baba hawezi kuinuka. Nilikuwa nimemfundisha hivyo. Nikaacha kuita njoo, nikaanza kuita "Sema! Bweka!" Lakini hayo hayakuwa maneno yake. Hakuna siku niliyompa dagaa kwa hayo.

Kuna korongo linalopita katikati ya vilima viwili, lenye kingo za vichaka. Tulipita juu yake, mimi na mwanamume mmoja jirani. Nilisimama ukingoni juu ya jiwe bapa, nikaita, nikasikiliza. Nilisikia maji ya mvua yakikimbia chini. Tukaendelea.

Giza lilipoanza kuingia wazee walisema makorongo yanajaa na hawataki kuokota maiti mbili badala ya moja. Waliposema maiti nikakaa chini kwenye matope. Walinishika mikono tukashuka. Kaka nilimpigia simu. Pikipiki zilikuwa haziwezi barabara, akasema atafika kukipambazuka, na kweli kulipopambazuka alikuwa uani, suruali ameikunja hadi magotini.

Yeye ndiye aliyewaona. Hakuwahi kupanda vilima vile tangu akiwa shule ya msingi, hakujua njia, akateleza kwenye korongo lile lile na kuburuzika hadi chini, na alipoinua kichwa akaona kitambaa chekundu. Kilikuwa chini ya mwamba ulioning'inia, mahali ambapo mtu wa juu hawezi kupaona. Baba alikuwa amelala ubavu. Mbwa alikuwa amejibana kwake, kifua kwa kifua, na mkono wa baba umeingia ndani ya ule mkanda niliomshonea, vidole vimekakamaa humo. Wote wawili walikuwa hai. Mbwa alimtazama kaka, akatikisa mkia mara moja, na hakutoa sauti.

Nilipofika kaka alikuwa amevua koti amemfunika baba, anamwita kwa sauti kubwa. Baba akafungua macho. Kwa Kizanaki, polepole sana, akamwambia, "Usipige kelele. Wametulia."

Alikuwa anawasema nyuki.

Watu walikata miti wakatengeneza machela. Yule jirani niliyekuwa naye jana yake alisimama anamtazama mbwa, maji yanamtiririka mbwa tumboni.

"Tulipita hapa juu," alisema. "Dada, si tulipita hapa? Huyu mbwa ni bubu?"

"Siyo bubu," nilisema. "Nilimfundisha asibweke."

Kaka alinitazama. Nilingoja anifokee, ningeshukuru. Alikaa chini juu ya jiwe, akaweka viganja usoni, akakaa hivyo hadi machela ilipokuwa tayari. Baadaye, wengine walipotangulia, nilipanda juu ya lile jiwe bapa la ukingoni na kuhesabu hatua hadi usawa wa ule mwamba. Zilikuwa kumi na nne.

Magauni ya kipaimara yaligawiwa mafundi wengine. Wasichana walipakwa mafuta matakatifu Jumapili ile, nasikia walipendeza.

Hospitali ya Musoma walitueleza mfupa wa nyonga umevunjika, na kwamba mapafu yameshika baridi, na kwa umri wake kumpasua ni kumwua. Kaka akasema atampeleka kwake Nyegina kuliko kumrudisha Butiama, hospitali iwe karibu. Sikubishana. Nilikuwa nimepoteza haki ya kubishana, au niliona hivyo. Nikahamia Nyegina nami. Tulimuuguza pamoja, mimi, kaka na wifi yangu. Kaka alijifunza kumgeuza bila kumuumiza, mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya magoti, na kumnyoa, na kumlisha uji kwa kijiko cha chai. Alikuwa anarudi shuleni na chaki bado kwenye vidole, anamgeuza kwanza ndipo anakunywa maji. Dirisha la chumba kile linatazama ziwa, na baba, mtu wa vilima, hakulipenda. "Yale maji yote yanafanya nini pale?" aliuliza kila asubuhi, na kaka kila asubuhi akamjibu kwamba yanapita tu, mzee, yataondoka.

Hakuomba kutoka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kamba yake ilikuwa chini ya kitanda na hakuiulizia hata siku moja. Alidumu wiki saba. Alikufa mchana, kaka yuko darasani, wifi yuko kisimani, mimi nimekaa naye nikishona vifungo vya shati lake mwenyewe. Alivuta pumzi, nikangoja nyingine.

Tulimzika Butiama, kando ya mama. Siku za matanga watu walikaa, wakala, wakazungumza. Nilisikia mwanamke mmoja akimweleza mwenzake jikoni habari za mbwa, akasema, "Yule dada alimfundisha mwenyewe, masikini." Masikini, alisema. Alinihurumia. Nikatoka nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mbwa alikuwa kwa jirani muda wote ule. Nilipomchukua alikuwa amekonda. Alinifuata uani, akaenda hadi mlango wa chumba cha baba, akanusa, akarudi kulala juu ya lile shati kuukuu. Asubuhi alisimama kwenye njia ya kilimani akanitazama. Nikamwita ndani. Kesho yake tena. Sikuweza kupanda naye, na sikuweza kumpiga, na sikuweza kumtazama. Nilimpa chakula nikiwa nimegeuza uso. Nilijua hana kosa lolote, na kujua huko hakukunisaidia.

Baada ya arobaini nikampeleka Bunda.

Yule mama mjane alinikaribisha kigoda. Nilimweleza yote tangu mwanzo, kengele, fimbo, kunyamaza, korongo. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kumenya viazi kwa muda.

"Ulimfundisha vizuri," alisema hatimaye.

"Mama, usiniambie hivyo."

"Nakwambia kilichopo. Mbwa alifanya kazi yake. Mzee angelala na ubaridi ule peke yake, angeamka? Asingeamka." Aliweka kiazi kwenye sufuria. "Na kengele ungemrudishia. Ungemfungia mguuni, kwapani, mahali mzee haoni. Hilo ulikosea. Mimi sikufichi."

Sijui kwa nini, lakini maneno yale yalinikaa vizuri kuliko pole zote za msibani. Alikuwa wa kwanza kuniambia kosa langu kwa ukubwa wake halisi, bila kulipunguza wala kuliongeza. Kwapani. Nilifikiria jinsi ambavyo ningeishona, kifuko kidogo ndani ya turubai, nusu saa ya kazi.

Nikamwomba abaki na mbwa. Akakubali. Mbuzi walikuwa wanarudi, na mbwa wake watatu nyuma yao, na mtu asiyefahamika alikuwa anakata njia karibu na zizi na baiskeli. Wale watatu wakaanza kubweka. Mbwa wangu aliinuka, masikio mbele. Aliwaangalia wenzake. Akaniangalia mimi. Sikusema kitu. Akafungua mdomo akabweka mara moja, sauti nzito, mbovu, kama mlango wa bati. Akashtuka mwenyewe. Akabweka tena, akawafuata wenzake mbio hadi zizini.

Nilikuwa sijaisikia sauti ile karibu mwaka mzima. Nilimwambia yule mama kwamba gari litaniacha, ingawa lilikuwa bado, nikaondoka. Njia nzima hadi barabarani nilikuwa naisikia, na sikuweza tena kuitofautisha na ya wenzake.

Sasa niko Nyakato tena, kibanda kingine, mtaa ule ule. Nyumba ya Butiama tumempangisha mwalimu. Mimi na kaka kwa muda mrefu tulikuwa tunazungumza mambo ya lazima tu, misa ya mzee, bati linalovuja. Halafu Jumamosi moja alikuja na suruali mbili za kupunguza kiuno. Nilimpima, nikaanza kufumua. Angeweza kuziacha na kwenda, lakini alikaa kwenye benchi la wateja.

"Kule juu," alisema, "ulipokuwa unawafuata. Alikuwa anaongea nini?"

Nikamweleza nilichokumbuka. Malkia. Nta. Mdogo wake aliyezama. Wimbo mmoja wa Kizanaki ambao sikuujua mwisho wake. Kaka aliujua, akayatamka maneno yake bila kuuimba.

"Mimi alinitaja?"

Niliutoa mguu kwenye pedali. Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Hata mimi hakunitaja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa matokeo aliyoyategemea. Mvua ya manyunyu ilianza, na wachuuzi wa nje wakaanza kufunika nyanya zao. Nilimaliza suruali ya kwanza nikampa ajaribu nyuma ya pazia. Ilikuwa bado pana. Amepungua sana kaka yangu. Nikamwambia aivue, nikaifumua upya.